Majumba ya Dola Mjini Unguja

Miji mikuu mingi humwonyesha mgeni fahari yake baada ya kuingia ndani, akapita malango na mitaa hata akafika kwenye uwanja wa katikati. Mji wa Unguja, uliokuwa kiti cha dola iliyotambulikana pwani yote tangu Mogadishu hadi Rasi Delgado, uliionyesha fahari yake kwa mtu aliye bado chomboni, hajatia mguu nchi kavu, naye akitaka asitake ilimbidi ayaone majumba ya mtawala yakiwa yamejipanga ufukweni, yameelekeza nyuso zao baharini na kuupa mji mgongo. Jambo hili, ambalo aghalabu husifiwa kama uzuri wa mandhari na kupitwa, kwangu mimi ndilo ufunguo wa tarikhi nzima ya majengo ya serikali katika mji ule. Kwani ukiuliza kila jengo lilijengwa limtazame nani, kisha ukauliza ni nani aliyewajibika kulitunza baada ya mjenzi wake kufariki au kuondolewa, utaona kwamba swali la kwanza lilijibiwa na kila dola kwa namna yake, kwa bidii na kwa gharama kubwa, na swali la pili halikujibiwa sawasawa na dola hata moja.

Mwanzoni mji haukuwa na makasri. Pale ufukweni palikuwa na Ngome, ambayo Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, nayo ilikuwa boma la askari, kuta zake nene na minara yake ya mviringo ikiwa haina pambo ila meno ya juu ya ukuta. Seyyid Said bin Sultan, alipohamisha makao yake kutoka Maskati katika miaka ya 1830, moyo wake ulikuwa zaidi Mtoni, mwendo mfupi kaskazini ya mji, penye kijito na minazi, na humo katika kasri la Mtoni ndimo alimozaliwa mwaka 1844 bintiye Salme, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete na ambaye kumbukumbu zake, zilizopigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1886, zimetuachia habari za ndani ya nyumba zile ambazo mwanamume mgeni asingaliruhusiwa kuziona. Mjini kulikuwa na Beit al-Sahel, karibu na Ngome na forodha, na ubavuni mwake Beit al-Hukm. Nyumba hizi zote, kwa mtu azitazamaye kwa nje, zilikuwa kuta nyeupe tu. Taadhima ya mtawala ilikuwa katika wingi wa watu waliokaa kwake, katika baraza alizofanya za kuwasikiliza raia wenye mashitaka, na katika mlango wa nakshi. Jengo lenyewe halikutakiwa kusema mengi.

Hapana budi kueleza jinsi nyumba hizi zilivyojengwa, maana asiyejua ukuta wa Unguja umefanywa kwa nini hawezi kufahamu kwa nini umeanguka. Jiwe lake ni la matumbawe, jepesi, lenye vitundu, linyonyalo maji upesi na kuyatoa upesi. Mawe hayo hayakuchongwa yakalingana. Yalipangwa nyuso mbili, ya ndani na ya nje, na katikati pakajazwa kokoto na udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa. Chokaa yenyewe ilitoka tanurini: magogo yalipangwa duara, matumbawe yakarundikwa juu yake, moto ukatiwa, na kile cheupe kilichobaki kikamwagiwa maji na kuachwa kikomae kabla ya kutumiwa. Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko, moja karibu na moja, na juu ya boriti mawe bapa, na juu ya mawe sakafu ya chokaa na kokoto, ambayo watu wengi, wanawake wakiwamo, waliipiga kwa vipande vya miti siku baada ya siku, kwa kufuatana na nyimbo, hata ikashikana ikawa kitu kimoja. Uzito wake ni mkubwa mno, na boriti ya mkoko haiwezi kuubeba ila ikiwa fupi. Ndiyo sababu chumba cha nyumba ya mawe, iwe ya mfanyabiashara au ya Seyyid, iwe Lamu, Mombasa au Unguja, ni kirefu na chembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita 3 au kasoro kidogo. Mti wa mikokoni ndio uliotoa amri ya ukubwa wa chumba, na sultani aliitii amri hiyo sawa na raia wake.

Ukuta wa namna hii waweza kuishi miaka mia mbili na zaidi, kwa sharti kwamba upakwe chokaa kila baada ya misimu michache na paa lisivuje. Maji yakipenya juu, udongo wa katikati hulainika, ncha za boriti zilizozama ukutani huoza mahali pasipoonekana, nyuso mbili za ukuta huachana, na ukuta hufura tumbo kabla ya kupasuka. Na mtu akidhani kwamba atauponya kwa kuupaka saruji huuharibu zaidi, kwa sababu saruji huyafungia maji ndani, na jiwe lililozoea kuvuta na kutoa unyevu hukosa pa kuutolea. Msomaji alikumbuke hilo, maana mengi ya kusikitisha yatakayofuata yametoka humo.

Aliyeivunja amri ya boriti ni Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Mtu huyu katika ujana wake alijaribu kumpindua nduguye Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay mwaka 1859, na huko aliuona mji ambao Waingereza walikuwa wakiujenga kwa chuma na mawe. Alipokalia kiti alipokea nchi yenye mikasa: kimbunga cha mwaka 1872 kilizivunja merikebu na kuing'oa mikarafuu, na mwaka 1873 Waingereza walimlazimisha kutia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa bahari na kulifunga soko lao la Mkunazini, ambako wamisheni wa Kianglikana, chini ya Askofu Edward Steere, walikuja kujenga kanisa kubwa. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, akatembezwa, akaheshimiwa, na bila shaka akafahamu kwamba mbele ya mataifa yale heshima ya mfalme hupimwa kwa vitu vionekanavyo kwa macho. Katika enzi yake alijenga Marhubi, Chukwani na Chuini. Akavuta maji safi kutoka chemchemi za nje mpaka mjini, wema ambao mimi nauona mkubwa kuliko makasri yake yote. Na mwaka 1883 akasimamisha, kati ya Ngome na nyumba za baba yake, jumba ambalo watu waliliita Beit al-Ajaib.

Jumba hilo lilikuwa jambo jipya kabisa katika pwani hii. Orofa zake zilizungukwa pande zote na baraza pana zilizobebwa na nguzo ndefu za chuma cha kusubu, zilizoletwa kutoka ng'ambo ya bahari, na sakafu zake hazikutegemea boriti za mikoko peke yake bali mihimili ya chuma pia, hata kumbi zikaweza kupanuka kadiri mjenzi apendavyo. Katikati palikuwa na ua mkubwa uliofunikwa, na kuuzunguka ua huo milango mirefu ya mbao ngumu iliyonakshiwa aya za Kurani na kupakwa dhahabu. Taa za umeme ziliwaka humo kabla hazijawaka katika nyumba nyingine yoyote ya mji, na baadaye ikatiwa lifti. Mbele ya mlango ilisimama mizinga miwili ya shaba ya Kireno, mmoja ukiwa na nembo ya mfalme wa Ureno, kumbukumbu ya siku ambazo Waomani walimfukuza Mreno katika bahari hizi. Wala Seyyid hakulijenga alale humo. Lilikuwa la karamu, la mapokezi na la sikukuu, na madaraja ya juu yaliliunganisha na Beit al-Hukm na Beit al-Sahel ili jamaa zake wa kike wapate kupita bila ya kuonekana na watu wa njiani.

Haifai kuzisifu nguzo hizi bila ya kusema gharama yake ililipwa na nani. Mali ya Barghash ilitoka katika ushuru wa forodha, jengo lililokuwa hatua chache kutoka mlangoni pake, na ushuru huo ulitozwa juu ya pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara na juu ya karafuu zilizochumwa na watumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba. Soko la Mkunazini lilikuwa limekwisha kufungwa miaka 10 kabla ya jumba kukamilika, lakini utumwa wenyewe ulikuwa bado halali, na mikono iliyozilipia nguzo zile haikuandikwa jina popote kwenye milango ya dhahabu. Nasema hivi kwa kuwa wapo waandishi ambao hulieleza jumba kana kwamba lilishuka kutoka mbinguni, na wapo wengine ambao kwa ajili ya dhambi hiyo wangelipenda lisahauliwe. Wote wawili huwadhulumu wale waliolilipia.

Jumba lilijengwa litazamwe na manahodha, mabalozi na maamiri wa bahari, na hao ndio waliolitazama. Agosti 1885, haijatimia miaka mitatu tangu kujengwa, manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya kasri, mizinga imeelekezwa pwani, na Barghash akatakiwa aache kupinga madai ya Ujerumani juu ya nchi za bara ambazo Carl Peters alidai kuzipata kwa mikataba. Akakubali, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zilikaa zikaikata nchi yake kwenye ramani, zikamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Alifariki 1888, na mwaka 1890 Unguja ikaingia chini ya himaya ya Uingereza.

Kisha ikaja siku ambayo mataifa mengi huikumbuka kama hekaya ya vita vifupi kuliko vyote, nasi tunapaswa kuikumbuka kama siku ya msiba. Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia kasrini akajitangaza sultani bila ya ridhaa ya Waingereza. Na tarehe 27, saa tatu ya asubuhi, manowari zilizokuwa zimejipanga bandarini zikafungua mizinga. Haikupita saa nzima. Beit al-Hukm ilibomolewa, Beit al-Sahel ikaharibiwa vibaya, mnara wa taa uliosimama mbele ya kasri ukapigwa, na Glasgow, meli ya Seyyid, ikazamishwa pale pale mbele ya nyumba yake, milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji mpaka mwaka 1912. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Khalid mwenyewe alikimbilia kwa balozi wa Kijerumani na baadaye akavushwa Dar es Salaam. Kilichojengwa kionekane kutoka baharini kilikuwa, tangu siku ya kwanza, kimewekwa mahali pa kulengwa kutoka baharini, na hakuna mjenzi aliyefikiri, au aliyethubutu kusema, kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Beit al-Ajaib haikuanguka siku ile. Lakini uso wake ulibadilishwa, na watu wengi walioizoea picha yake hawajui kwamba waliyemwona si mtoto kamili wa Barghash. Mnara ulioharibiwa haukurudishwa mahali pake. Mwaka 1897 mnara mpya, wenye saa, ulijengwa ukashikamanishwa na uso wa jumba upande wa bahari, na mahali pa Beit al-Hukm pakaachwa pawe bustani. Mwaka huo huo Seyyid Hamoud bin Muhammed, ambaye Waingereza walimtawaza baada ya mizinga, alitia sahihi amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Kwa hiyo mnara ule, ambao wapiga picha wote wameufanya kuwa alama ya usultani, kwa hakika ni alama ya siku ambazo usultani ulibaki na jina, na amri ikawa kwa mwingine. Mwaka 1911 jambo hilo likawa wazi: jumba la karamu likageuzwa ofisi za serikali ya himaya, makarani wakaweka meza na majalada katika kumbi za Barghash, na sultani akakaa Beit al-Sahel iliyojengwa upya, ambako Seyyid Khalifa bin Haroub aliishi na kutawala hata alipofariki mwaka 1960.

Waingereza nao walijenga, na wa kutajwa kwanza miongoni mwa wajenzi wao ni John Houston Sinclair, afisa wa serikali aliyekuwa na taaluma ya kuchora majengo na ambaye mwishowe alikuwa Balozi Mkaazi, tangu 1922 hata 1924. Mahkama Kuu ya Vuga, iliyokamilika mwaka 1908, ni kazi yake; Posta ya Shangani ni yake; na Beit al-Amani, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ni yake pia. Kazi hizo zina ustadi ambao sina haja ya kuukana. Lakini tazama jambo hili: Sinclair aliweka kuba na matao na vijiminara, akitaka majengo ya serikali yafanane na yale aliyoyadhani kuwa ya Kiarabu, ilhali nyumba za Waarabu wa Unguja hazikuwa na kuba, na misikiti ya Kiibadhi ya mji ule ilijulikana kwa kutokuwa na mapambo, mingi yao haina hata mnara. Kuba zile alizitoa katika vitabu na katika miji ya mbali ya Waislamu, akazileta mahali zilipokuwa ngeni. Hapo pana siasa. Himaya ilikuwa ikitawala kwa jina la sultani, na kwa hivyo ilitaka majengo yanayovaa mavazi ya sultani. Na kwa kuwa mavazi yake halisi, ukuta mweupe usio na neno, hayakuliridhisha jicho la Mzungu, akamshonea mengine. Majengo hayo hayakuitazama bahari tena. Mahkama na makumbusho yaliwekwa Vuga na Mnazi Mmoja, ukingoni mwa mji, miongoni mwa bustani, yakimtazama mtu aendaye mahakamani au ofisini kwa haja zake. Mtawala mpya hakuwa na haja ya kuwaonyesha wenye manowari kitu, kwa kuwa manowari zilikuwa zake.

Hapa nataka niyaache kidogo majumba ya serikali niitazame misikiti, kwani ndiyo iliyo na jibu la swali langu la pili. Mtu wa Unguja aliyejenga msikiti hakuishia kwenye ukuta. Aghalabu aliuwekea wakfu, shamba la minazi au duka au nyumba ya kupangishwa, ili pato lake linunue mafuta ya taa na mikeka, limpe imamu posho, na lilipie chokaa na boriti miaka na miaka baada ya yeye kuzikwa. Sheria ya wakfu humlazimisha mjenzi kufikiri juu ya kesho wakati mkono wake ungali na tope. Sisemi kwamba mpango huu haukuharibika: serikali ya himaya iliunda Kamisheni ya kusimamia wakfu, na kadiri miaka ilivyokwenda kodi za nyumba za wakfu zilibaki ndogo huku bei ya chokaa na mbao ikipanda, hata nyumba za wakfu zenyewe zikawa miongoni mwa zinazobomoka. Lakini msingi wake ni mwema, na ni ajabu kwamba wafalme, waliouelewa vizuri na kuutumia kwa misikiti yao, hawakuutumia kwa makasri. Kasri lilitunzwa kwa mfuko wa Seyyid, na Seyyid akifa mfuko hufa naye. Marhubi iliungua mwaka 1899, miaka kumi na moja tu baada ya kufariki mwenyewe, na haikujengwa tena. Nguzo zake zimesimama mpaka leo bila ya kubeba kitu. Mtoni iliachwa ikageuka magofu. Makasri yaliyookoka ni yale yaliyopata kazi ya ofisi, na ofisi hulitunza jengo kwa kadiri ya fungu la bajeti la mwaka, ambalo huwa la kwanza kupunguzwa mambo yakiwa mazito.

Nyuma ya mji, upande wa pili wa mkondo wa maji ulioutenga, Ng'ambo, ndiko walikokaa walio wengi, katika nyumba za udongo na makuti, na kwa muda wa karne nzima hapakuwa na dola iliyofikiri kuwajengea jengo la serikali lenye heshima. Katika miaka ya 1940 ndipo serikali ya himaya, kwa khofu na kwa nia njema zilizochanganyika, ilipojenga Raha Leo, nyumba ya mikutano na starehe za wananchi, na redio ikapata makao yake hapo. Walioijenga walitaraji itawatuliza watu. Ilipofika tarehe 12 Januari 1964, Raha Leo ndiyo iliyokuwa makao ya wanamapinduzi, na kutoka huko sauti ya serikali mpya ilitoka ikaenea visiwani kabla ya mtu yeyote kukaa juu ya kiti cha sultani. Sijui mfano mwingine ulio wazi kuliko huu wa kuonyesha kwamba mamlaka yalikuwa yamehama kutoka ufukweni. Kasri la bahari lilikuwa bado limesimama, lakini waliotaka kuishika nchi hawakuanza nalo.

Serikali ya Mapinduzi chini ya Mzee Abeid Amani Karume ilijenga kwa kuwatazama watu wa Ng'ambo. Majengo marefu ya Michenzani, yaliyopangwa kwenye njia mbili kuu zinazokatana, yakifuata ramani iliyochorwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, ni makazi ya watu na si makasri. Hata hivyo yeyote aliyesimama penye mzunguko wake akaziona safu zile zikienda mamia ya mita kila upande hatakosa kufahamu kwamba yalikusudiwa pia kuwa fahari ya dola, na kwamba fahari hiyo ilisema: huyu aliyekuwa akikaa chini ya makuti sasa atakaa ghorofani, mwenye maji ya bomba na umeme. Neno hilo lilikuwa kubwa, na mimi siwezi kulisoma kwa dharau. Nalo pia halikuwekewa wakfu. Mabomba, ngazi na mapaa ya Michenzani yameshuhudia taabu ile ile ya kuta za sultani, kwani aliyejenga hakuwaachia wakaao humo mfuko wa kutengenezea.

Majumba ya zamani yaligawiwa kazi mpya. Beit al-Sahel ikawa jumba la wananchi na ofisi, na mwaka 1994 ikawa makumbusho ya kasri; Beit al-Ajaib ilitumiwa na chama cha Afro-Shirazi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafunguliwa kuwa makumbusho ya tarikhi na utamaduni wa Uswahilini, na katika ule ua wa Barghash ukawekwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari, uliojengwa upya kwa mfano wa vyombo vya kale. Nani atasema kwamba jengo lile limewahi kupata kazi njema kuliko hiyo? Watoto wa skuli waliingia kwa mlango ambao zamani walipita mabalozi. Katika muda huo huo Mji Mkongwe, ambao nyumba zake nyingi zilikuwa zimetwaliwa na kutiwa wapangaji wasio na uwezo wa kuzitengeneza, ulikuwa ukianguka nyumba moja baada ya moja. Mamlaka ya hifadhi yake iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kuandikwa huko kuliuletea mji sifa na wageni wengi, ilhali mapaa yalizidi kuvuja.

Mwaka 2012 sehemu ya baraza za Beit al-Ajaib iliporomoka, jengo likafungwa. Mihimili ya chuma, iliyomwezesha Barghash kuidharau amri ya boriti, ilikuwa na adui wake katika hewa yenye chumvi: chuma kikishika kutu hufura, na kikifura huipasua sakafu inayokizunguka, na ufa huo huyaita maji, na maji huizidisha kutu. Boriti ya mkoko ikioza fundi aweza kuichomoa akatia nyingine. Mhimili ulioagizwa kutoka ng'ambo haukuwa na mwenziwe msituni. Ikapita miaka, magogo ya kuegemeza yakawekwa, mashauri yakafanywa, na hatimaye serikali ya Oman ikatoa fedha za matengenezo. Kazi ilikuwa imekwisha kuanza ilipofika tarehe 25 Desemba 2020, mchana, uso wa jumba upande wa bahari ukaanguka pamoja na mnara wa saa. Mafundi wawili walifariki chini ya mawe na wengine wakajeruhiwa. Hao wawili ni wa kukumbukwa kabla ya mnara.

Sasa panaulizwa swali ambalo wenye ujuzi wanapaswa kulijibu mbele ya umma: linalojengwa upya ni jumba lipi? Wako wasemao kwamba, maadamu mnara umeanguka, na maadamu haukuwa wa Barghash, jumba lirudishwe lilivyokuwa mwaka 1883, uso wake ukiwa mtupu. Hoja hii ina nguvu kwa mtu apendaye usafi wa asili. Mimi siafiki. Mnara wa 1897 ni ushahidi wa mizinga ya 1896, na kuuacha ni kuifuta siku ile usoni mwa mji. Fauka ya hayo, ndio uso walioujua watu wa Unguja kwa zaidi ya karne moja, waliosoma saa zao hapo na kuagana hapo na jamaa zao waendao safari. Liwekwe na mnara wake. Zile nguzo zilizosalimika zitumike, na panapotakiwa chuma kipya kitiwe chuma kisichoshika kutu, na panapotosha chokaa pasitiwe saruji.

Lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba jengo likabidhiwe pamoja na riziki yake, kama msikiti. Wageni wanaokuja Unguja hulipa viingilio, na hoteli za Mji Mkongwe huishi kwa uso wa mji huo. Basi sheria iweke fungu maalumu la mapato hayo, lisiloingia katika hazina kuu wala kuhamishiwa kazi nyingine, liwe la Beit al-Ajaib, Beit al-Sahel, Ngome, Mahkama ya Vuga na Beit al-Amani. Fungu hilo liajiri mafundi wa kudumu wa chokaa na wa useremala, kila mmoja akiwa na wanafunzi, na kila baada ya masika wapande mapaani, wachunguze kuta na mihimili, waandike waliyoyaona. Na ripoti yao isibaki katika jalada la wizara, bali isomwe katika Baraza la Wawakilishi, ambalo leo lina jumba lake Chukwani, mahali ambapo Seyyid Barghash naye alikuwa na kasri.